Gogo Lililoota Masikio

"Uyoga hauna ndugu." Ndivyo patroni wangu, mwenye studio, alivyonicheka mara ya kwanza aliponiona narudi kutoka bondeni, kamera yake shingoni, magoti yamejaa matope. "Foto ya muntu inanunuliwa na muntu mwenyewe, ama mama yake, ama muchumba wake. Sasa hii buyoga yako, nani atakuja kuichukua hapa ku studio? Shangazi yake?"

Nilicheka pamoja naye, kwa sababu mimi ni mtu wa kucheka, na kwa sababu alikuwa amesema kweli. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni, na ukutani tulitundika kitambaa kilichochorwa ngazi za nyumba ya kitajiri. Watu wa reli na wa bandari walikuja kusimama mbele ya ngazi hizo wakiwa na nguo za Jumapili. Wengine walitaka picha ndogo ya kitambulisho, na hao hawakupenda kungoja hadi filamu ijae. Kwa hiyo kila filamu ilibaki na nafasi moja au mbili tupu, na patroni alikuwa na roho nzuri: mabaki hayo alinipa mimi. Nilikuwa nimeacha shule mapema, lakini nilikuwa na ndoto nyingi, na siku za Jumapili nilizipeleka msituni.

Kamera ilikuwa ya macho mawili, la juu la kutazamia na la chini la kupigia. Patroni aliipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga masanduku ili awahi meli, mwaka ule Wazungu wengi walipoondoka. Ndani ya mfuko wake kulikuwa na lenzi mbili ndogo zenye pete ya chuma, moja kwa kila jicho. Ukiivisha kamera lenzi hizo, inakuwa kipofu wa mbali. Mlima haiuoni, mtu haimwoni. Lakini kitu kilicho umbali wa shubiri kinajitokeza mpaka unataka kurudi nyuma.

Nyuma ya kambi ya reli njia inapanda, halafu inashuka kwenye bonde la kijito ambako miti imebaki minene kwa sababu ya maji. Wenyeji wanapaita mushitu. Hata saa sita mchana pana kivuli cha jioni, na filimbi ya treni inafika imechelewa, laini, kama inapulizwa chini ya ardhi. Hapo ndipo nilipolala kifudifudi Jumapili baada ya Jumapili. Niliona uyoga wa kila umbo: vikombe vya rangi ya waridi, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kimebeba tone la mvua kana kwamba kimetumwa mahali. Niliona viota, viota kamili vyenye mayai ndani, vyote vidogo kama punje ya mahindi. Siku ya kwanza nilikaa kidogo nikimngoja ndege wake. Niliona miavuli yenye vijiti vyembamba na vyeusi kama unywele, imesimama juu ya jani lililooza, imeinama yote upande mmoja, kama watu kwenye mazishi. Mvua ikikatika, kesho yake haipo. Nilizipenda picha hizo jinsi mtu anavyopenda siri isiyomdhuru mtu.

Halafu Yaya akanijia.

Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alikuwa rafiki wa dada yangu, na nyumba zetu katika kambi ya reli zilitazamana mlango kwa mlango. Mume wake alikuwa mtia makaa kwenye mashine ya treni. Wakati wa fujo alipanda kwenda upande wa Kabalo, na treni ikarudi bila yeye. Wenzake walisema walisimamishwa porini, watu wakakimbia kila upande. Wao walirejea mmoja mmoja, miguu imevimba, yeye hakurejea. Ndugu zake walimtafuta hadi wakachoka.

Kwa watu wa ukoo ule, mtu ambaye mwili wake haukupatikana anazikwa kwa gogo. Linakatwa kwenye mti mbichi, kwa urefu wa mtu huyo, na linavikwa shati lake. Halipelekwi makaburini pamoja na wafu wengine, bali mahali penye miti. Wanalichimbia shimo fupi, wanalilaza, wanalifunika udongo mpaka kifuani, lakini upande wa kichwa wanauacha wazi. Ikiwa bado anapumua mahali fulani, asije akazibwa pumzi. Mwaka ukitimia, kiangazi kingine kikifika, ukoo unakutana, kichwa kinafunikwa, kilio kinakwisha, na mke anapewa mdogo wa marehemu.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Yaya usingizi. Alipoolewa, shemeji yake alikuwa bado mtoto wa kukimbia uchi, na yeye ndiye aliyemlea. "Huyu nilikuwa namuosha masikio na sabuni," alimwambia dada yangu, mimi nikiwa nasikia. "Analia, namukamata shingo. Sasa leo nimuitikie kama bwana wangu?" Shemeji naye, kijana mpole wa umri wangu, aliona haya kiasi kwamba akimwona Yaya barabarani alikuwa anageuza njia. Lakini neno la ukoo ni neno la ukoo, na msemaji wake alikuwa Papa mukubwa, kaka wa baba yao, mzee wa bandari mwenye mguu mbovu na sauti ya kuita boti.

Yaya alinikuta mlangoni pa studio, masika yakiwa yamekolea.

"Ile kamera yenu inaweza kukamata kintu kidogo?"

"Kidogo namna gani, Yaya?"

Akanionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho.

"Ni kintu gani?"

"Twende tu. Nikisema mbele hujaona, utasema kichwa yangu imeharibika."

Tulishuka bondeni asubuhi, mvua ya usiku bado inadondoka kutoka majani ya juu. Nililijua gogo la mume wake, maana nilikuwa nalikwepa. Upande wa kichwa ulikuwa umejitokeza kwenye udongo, shati la kazi limechanika na kuoza. Na pale shati lilipopasuka, kwenye ganda, yalikuwa yameota masikio.

Nataka kusema sawasawa nilichokiona, kwa sababu baadaye watu waliongeza mengi. Ulikuwa uyoga. Namna ile tunaijua hapa Kalemie, inaota kwenye miti iliyokufa, na kuna nyumba zinazoipika kwa mawese. Lakini kwa kawaida inaota hovyo, mmoja juu ya mwingine. Pale ulikuwa umeota pembeni, kila upande wa kichwa, mdogo, mwekundu-kahawia, wenye mikunjo ndani na ndewe inayoning'inia chini. Mwanga ulipita ndani yake, jinsi unavyopita kwenye sikio la mtoto aliyesimama dirishani.

Yaya alichuchumaa. "Nimeleta mutoto wa jirani," aliliambia gogo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Usiogope. Anakuja na kamera tu."



Niliivisha kamera lenzi zake, nikaiweka juu ya jiwe, nikainamia kioo. Kioo cha kamera ile kinageuza kulia kuwa kushoto. Ukisogeza mkono huku, kitu kinakwenda kule. Nimezoea, lakini kuona sikio likinihepa, halafu likirudi polepole na kunijaa machoni, kulinifanya nishushe pumzi. Upande wa nyuma kulikuwa na vinyweleo, laini, vyeupe, kama vile anavyo kila mtu nyuma ya sikio lake na havioni kamwe. Ukingoni pa sikio moja alikuwapo konokono asiye na nyumba, anatafuna. Nilimwondoa kwa jani. Nikamulika kidogo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, maana kivuli kilikuwa kizito, nikafungua jicho la kamera na kuanza kuhesabu taratibu.

Nikasikia mnong'ono.

"Yaya, samahani, nyamaza kidogo," nilisema bila kugeuka. "Picha itatikisika."

"Sijasema kintu," akajibu. Alikuwa mbali, kule kwenye kijito, ananawa miguu.

Nilifunga jicho la kamera.

Siku hiyo hiyo niliingia chumba cheusi. Chini ya taa nyekundu, karatasi ikielea kwenye dawa, sikio lilianza kutokea: kwanza mstari wa ukingo, halafu mikunjo, halafu lile shimo la kati ambalo lilizidi kuwa jeusi wakati mengine yote yalikuwa yametulia. Patroni aliingia, akatazama sahani ya dawa. Mkono wake ukapanda wenyewe, akashika sikio lake.

"Hii si buyoga," alisema.

"Ni uyoga, Patroni."

"Basi anika kule nyuma. Isiangalie watu."

Kikao cha ukoo kilikaa nyumbani kwa Yaya. Alikuwapo Papa mukubwa kwenye kiti chenye mikono. Alikuwapo mkwe wake Yaya, mama wa aliyepotea, mwanamke mdogo wa mwili aliyeshuka kutoka upande wa Pepa na kuishi na Yaya tangu msiba. Alikuwapo shemeji, amekaa kizingitini anaangalia viatu vyake. Yaya aliweka picha mezani, akasema maneno machache. "Gogo la muntu mufu linaoza. Hili linaota masikio. Bwana wangu anasikia mahali aliko. Muntu anayesikia, bibi yake harithiwi."

Papa mukubwa aliishika picha mbali na macho, akaisogeza, akaipeleka mbali tena.

"Hii sikio kubwa hivi ni ya nani? Mutoto wetu hakukuwa tembo."

"Ni ndogo, Papa," nilisema. "Nimeikuza. Yenyewe ni kama ukucha."

"Umeikuza juu ya nini?"

"Ili ionekane."

"Kama Mungu angetaka ionekane, angeikuza yeye."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Mama mkwe hakucheka. Alivuta picha, akapitisha kidole kwenye ukingo wa lile sikio, akakisimamisha mahali penye pengo dogo.

"Ndoano," alisema.

Kila mtu pale alijua: mwanawe alipokuwa mdogo, ndoano ya mvuvi ilimnasa sikio ufukweni, ikaacha alama juu, pale pale.

Moyo wangu hauwezi kukaa na kitu. "Mama, samahani," nilisema. "Pale konokono alikuwa anakula. Nilimwona na macho yangu, nikamtoa."

Aliniangalia bila hasira.

"Ulimwona?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yule konokono, nani alimuonyesha mahali pa kula?"

Papa mukubwa alikohoa kwa muda mrefu. Halafu akatoa hukumu yake. Mvua, alisema, inaotesha uyoga hata kwenye kiti chake, na kiti chake hakijawahi kupotea porini. Basi wangoje kiangazi, ambacho hata hivyo ndicho kinachotimiza mwaka. Jua likiwaka na masikio yale yakakauka kama uyoga mwingine wowote, kichwa kitafunikwa na mke atakwenda kwa mdogo mtu. Yasipokauka, yeye atafunga mdomo.

"Mimi naweza kungoja sana, Papa," alisema shemeji kutoka kizingitini. "Hata miaka mingi. Sina haraka."

Hata Yaya alicheka kidogo hapo. Lakini aliponisindikiza nje, alinishika mkono. "Kiangazi njo kitaniua," alisema. Nilijua, naye alijua, kwamba uyoga wa namna ile usiponyeshewa unajikunja, unakuwa mgumu na mweusi kama kipande cha ngozi ya kiatu.

Miezi iliyofuata kambi nzima ilianza kusema kwa sauti ya chini. Sijui nani alianza. Wanawake waliokwenda kuchota maji kijitoni walipita karibu na gogo wakimsalimia aliyepotea kwa cheo chake cha kazi. Mmoja alikwenda kumwambia kwamba mke wake, Yaya, hakuiba kuku, alimnunua. Wanaume waliokuwa na deni la maneno naye walichukua njia nyingine. Kuta za kambi ni nyembamba, kila neno linapita, lakini sasa usiku ugomvi ndani ya nyumba za jirani ulikatika katikati: unasikia mtu anapaza sauti, halafu mwingine anasema, "Shii, anasikia," kisha kimya. Ilikuwa kambi tulivu kuliko zote za reli, na utulivu ule haukunipendeza. Niliacha kwenda bondeni Jumapili. Nilijiambia ni kwa sababu filamu zimekuwa adimu, na kweli zilikuwa adimu.

Mvua ya mwisho ilinyesha, ikaenda. Upepo wa ziwa ukaanza kuleta vumbi badala ya unyevu. Papa mukubwa aliniita kwake, mguu wake umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi siwezi kushuka kule," alisema. "Na wanawake wataniambia vile wanataka. Enda wewe na kamera. Kamera haina mukwe. Kama masikio yamekauka, piga. Kama hayajakauka, piga. Usiniletee hadithi, niletee foto."

Nilikwenda asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Msitu ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Vikombe vya waridi havikuwapo. Viota vilikuwa wazi, bila mayai. Ile miavuli ilibaki vijiti vyake tu, vyeusi, vimesimama bila vichwa. Majani yalivunjika chini ya miguu yangu kwa kelele kiasi kwamba nilianza kukanyaga kama mwizi. Kijito kilikuwa kimebaki vidimbwi.

Kabla sijaliona gogo nilisikia tone. Halafu tone lingine.

Lilikuwa limelowa. Udongo wa kuzunguka ulikuwa mkavu, wa kijivu, na juu yake vumbi lililokaa bila alama ya mguu, lakini upande wa kichwa maji yalikuwa yanatiririka kwenye ganda. Na masikio yalikuwa wazi. Laini, mekundu, baridi kama samaki nilipoyagusa, makubwa kuliko masika, na mengine madogo yameongezeka nyuma yake. Yalikuwa yameelekea njia niliyokuja nayo, au niliona hivyo.

Nilibaki nimechuchumaa. Nilitaka kuimba, ndiyo tabia yangu nikiogopa, lakini niliona si vizuri kuimba mbele ya masikio.

Majani yalivunjika nyuma yangu. Alikuwa mama mkwe, anashuka polepole, birika la chai mkononi. Aliponiona hakushtuka. Alipoliona gogo, ndipo aliposimama.

"Umeshamupa?" aliuliza.

"Nimempa nini, Mama?"

"Maji."

"Mimi nimefika sasa hivi. Nilifikiri ni wewe."

Alikaa juu ya jiwe, birika kwenye mapaja. Akaniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba tangu mvua ikatike anakuja kumpa mwanawe maji. Si kila siku. Magoti yake hayakubali kila siku. "Siku zingine nafika, nakuta amekunywa. Nilisema njo muke wake anamunywesha. Sikumuuliza. Muke na bwana wana mambo yao."

"Na kama si Yaya?"

"Kama si yeye, basi ni muntu mwingine mwenye huruma."

Nikamwambia nilichotumwa. Nikamwambia pia, kwa sababu sikuweza kukaa nalo, kwamba Papa mukubwa akijua kuhusu birika atasema ni hila, na Yaya atakwenda kwa shemeji yake. "Mama, nikipiga masikio peke yake, hakuna atakayejua. Lakini roho yangu..."

"Roho yako inataka nini?"

"Haitaki kudanganya. Na haitaki Yaya aende."

Aliangalia birika lake, lile la bati lenye doa jeusi la moto ubavuni. Halafu akainuka, akaliweka chini, karibu kabisa na kichwa cha gogo.

"Piga na birika," alisema. "Mugonjwa anapewa maji. Mimi siibi kintu ya muntu."

Nilisogea nyuma, nikaivua kamera lenzi zake, nikapiga gogo na birika pamoja. Halafu nikazivisha tena, nikasogea, nikapiga masikio kwa karibu, na ukingo wa bomba la birika ukaingia pembeni mwa picha, mnene kama shina la mti. Nilipokuwa nahesabu, msitu ulikuwa mkavu usio na hata ndege. Nilihesabu kwa midomo tu.

Kikao cha pili kilikuwa na watu wengi kuliko cha kwanza, wengine madirishani. Yaya alikuwa amekwisha kusuka nywele zake, zile ambazo zingenyolewa kesho yake kumaliza kilio kama mambo yangemwendea vibaya. Alizisuka vizuri sana. Niliziona, nikaangalia pembeni.

Papa mukubwa alichukua picha ile ya kwanza, ya gogo zima.

"Hii birika ya nani?"

Yaya aligeuka haraka. Kwa uso wake nilijua hakuwa amesikia habari ya birika hata mara moja.

"Yangu," alisema mama mkwe.

"Inafanya nini kwa mufu?"

"Inabeba maji."

Minong'ono ilipita dirishani. Papa mukubwa aliiweka picha mezani, akaipiga kwa kiganja, si kwa nguvu. "Basi njo hivyo. Bila wewe yangekauka. Ni buyoga, Mama. Ukinyweshea hata ufagio utaota."

"Nyweshea ufagio wako tuone," alisema mama mkwe. Mtu alicheka nje, akanyamazishwa. Mama aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Ulisema yakikauka. Hayakukauka. Hukusema yasikauke kwa mukono wa nani. Huyu mutoto nilimunyonyesha. Alipougua nilimupa maji kwa kijiko, na hakuna aliyekuja kuniambia kwamba bila kijiko angekufa, basi tumuhesabu amekufa. Kila muntu hapa, kuna aliyemupa maji ndiyo akaishi. Wewe na mguu wako, nani anakupa maji asubuhi?"

Mke wa Papa mukubwa, aliyesimama nyuma ya kiti, aliangalia dari.

"Siku nitachoka kumupa maji," alisema mama mkwe, "nitakuja mimi mwenyewe, nitakwambia, na mutafunika kichwa. Huyu mwanamke anabaki nyumbani mwake. Na huyu," akamwonyesha shemeji, "akatafute wa kumuosha masikio mahali pengine."

Kicheko kilipasuka mpaka mzee mwenyewe akashindwa kukizuia. Alijifuta macho, akachukua ile picha ya pili, ya karibu, akaitazama kwa muda mrefu. Kicheko kiliisha, na yeye bado anaitazama. Halafu akaigeuza uso chini juu ya meza.

"Nimefunga mdomo," alisema. Na kutoka siku hiyo, kuhusu jambo hilo, aliufunga.

Yaya alilia jioni ile uani kwetu, kichwa kwenye bega la dada yangu, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Shemeji aliondoka upesi kwenda Manono kutafuta kazi kwenye machimbo ya bati, na tulisikia alipata kazi, na baada ya kazi akapata na msichana. Mwenyewe alituma salamu kwa Yaya kwa dereva, na katika salamu zile alimwita Mama, bila kuona haya.

Kitu kimoja tu kilibaki. Niliposikia Yaya na mkwe wake wanashuka bondeni pamoja, mara ya kwanza pamoja, niliomba kwenda nao. Ilikuwa katikati ya kiangazi kabisa, moshi wa mashamba yanayochomwa umelala juu ya ziwa. Yaya alibeba birika. Njiani mama alimuuliza, kama anauliza habari ya chumvi, ni siku gani huwa anakwenda kumwagilia peke yake.

"Mimi?" Yaya alisema. "Sijawahi, Mama. Naendaga kuzungumza naye tu. Sikujua hata kama anahitaji."

Tuliendelea kutembea.

Gogo lilikuwa limelowa. Maji yalikuwa bado yanatafuta njia kwenye ganda, yanashuka, yanaingia ardhini pale shati lilipoishia. Wanawake wawili waliniangalia, na mimi niliwaangalia wao. Birika lilikuwa limejaa mkononi mwa Yaya. Kijitoni, hata vidimbwi vilikuwa vimekauka.

Mama mkwe alitandika kitambaa chake, akakaa. Yaya aliweka birika chini, akakaa karibu, kwa upande wa sikio lenye pengo, akakunja sketi yake vizuri chini ya magoti.

"Mudogo wako anaoa," aliliambia gogo. "Ku Manono. Hatujamuona bibi, wanasema ni murefu." Kisha akaanza kusimulia mengine, paa linalovuja upande wa jikoni, jirani aliyehamishwa, mtoto wa dada yangu aliyeota meno, taratibu, bila kuacha kitu, na kila alipomaliza jambo alinyamaza kidogo kabla ya kuanza lingine.